Gia ikigoma leo na kesho ikapona, usikimbilie kufungua giaboksi

Gari ya otomatiki ikikwama kwenye gia moja, ukaizima, ukaiwasha tena ikaenda vizuri hadi wiki ijayo, mara nyingi ubovu wake ni wa umeme. Klachi za ndani zikishaungua haziponi kwa kuzima swichi. Kilichotokea ni kwamba kompyuta ya gia imepoteza mawasiliano na sensa au solenoidi (vali ya umeme inayoelekeza oili ili gia ibadilike) kwa muda, ikajilinda kwa kuifunga gari kwenye gia moja, aghalabu ya tatu. Ukizima na kuwasha, inaanza upya. Fundi anayetaka kushusha giaboksi kabla hajagusa hata waya mmoja, mwambie asubiri kwanza.

Jambo la mwanzo: usichomoe betri. Wengi huchomoa ili gari "ijiseti", na hapo hufuta kodi (namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta) pamoja na kumbukumbu ya hali ya gari ubovu ulipotokea, yaani mwendo, joto la injini na mizunguko yake. Hiyo kumbukumbu ndiyo ushahidi wako. Pima kwa mashine ya kusomea kodi, piga picha skrini, ndipo ufute.

Kodi nayo isomwe kwa makini. P0753 inasema saketi ya solenoidi A ina hitilafu ya umeme: waya, soketi au koili. P0751 inasema umeme unafika lakini gia haikuitika, kwa hiyo tazama oili na vali. Hazitibiwi sawa. P0705 ni swichi ya inhibita, ile inayoiambia kompyuta uko P, R, N au D. P0717 ni sensa ya mwendo wa shafti inayoingia. Toyota za zamani zenye kitufe cha O/D (overdraivu, gia ya juu kabisa) na soketi ya kupimia ya pini 16 husomeka hata bila mashine: unganisha pini ya 4 na ya 13, fungua swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa ya O/D OFF inavyopepesa. 62 (mara sita, kisha mara mbili) ni solenoidi S1, 63 ni S2, 42 ni sensa ya mwendo.

Kabla ya kununua spea yoyote, pima betri na eathi, yaani waya unaounga bodi na giaboksi kwenye negativu ya betri. Visiwani kwetu hapa ndipo ninapopatilia mkazo kuliko pengine pote, maana hewa ya chumvi inakula vituo vya waya kimyakimya, hasa gari zinazolala Nungwi, Paje au Makunduchi. Betri iliyopumzika isome volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka iwe baina ya 13.8 na 14.5. Kisha weka ncha moja ya multimita kwenye negativu ya betri na nyingine kwenye bodi ya giaboksi penyewe, mtu apige stata. Isizidi volti 0.2 hivi. Ikifika 0.5, fungua waya wa eathi, sugua kwa brashi hadi chuma kiwe cheupe, kaza, halafu paka grisi juu yake. Waya ukiwa umekuwa kijani ndani ya ganda, usiusugue, ubadilishe.

Hatua inayofuata ni soketi. Gari ndogo nyingi betri hukaa juu ya giaboksi, na asidi na maji ya kuoshea injini hudondokea hapo hapo. Chomoa soketi ya inhibita na ya solenoidi, uzitazame kwa tochi. Unga mweupe au wa kijani kwenye pini ni jibu tosha. Safisha kwa dawa ya kusafishia soketi za umeme, kisha jaribu kila tundu kwa pini nyingine ya saizi ile ile: inatakiwa ibane. Tundu lililolegea hushika gari ikisimama, likaachia kwenye mashimo. Wala usitoboe ganda la waya kwa sindano ya kupimia; chumvi itaingia na waya utaoza pale pale.

Inhibita hujulikana kwa dalili zake. Gari haipigi stata ikiwa P lakini inapiga ikiwa N, taa ya rivasi inakuja na kupotea, au dashibodi haioneshi gia kabisa. Sogeza gia polepole huku mashine ikionesha data za moja kwa moja, uone kama inasoma pale ulipo.

Solenoidi zinahitaji subira. Za kubadili gia za Toyota nyingi husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 11 hadi 15 kwa joto la nyuzi 20. Zikiwa baridi huenda zote zikaonekana nzima, kwa hiyo zipime tena gari ikitoka kwenye foleni ya Darajani mchana, au kwa walio Pemba, ikishapanda vilima vya Chake hadi Mkoani. Omu 13 ikipanda hadi 16 kwa moto si ubovu, shaba ndivyo ilivyo. Saketi ikikatika kabisa, multimita isisome kitu, ndipo koili imekufa. Tikisa wayaringi huku unapima. Namba ikiruka, umepata mahali.

Kwenye Toyota zenye kijiti cha kupimia, oili ipime injini ikiwaka na giaboksi ikiwa moto, baada ya kupitisha gia zote. T-IV na WS, aina mbili za oili ya giaboksi za Toyota, zisichanganywe. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, au ina chembe za chuma, hapo mazungumzo ya kufungua yana maana. Ikiwa kama maziwa ya rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia.

Na hata solenoidi ikithibitika kufa, kwenye Toyota nyingi inafikiwa kwa kufungua sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) tu, giaboksi ikiwa mahali pake. Zitatoka lita 3 hivi za oili, urudishe kiasi kile kile, na boliti za sampu uzikaze kidogo tu, Nm 8 hivi, zisije zikakatika.