Muhogo Nilioung'oa Kabla ya Wakati

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni Marko 4:26-28, yule mtu aliyemwaga mbegu juu ya nchi, "akawa akilala na kuondoka, usiku na mchana, nayo mbegu ikamea na kukua, asivyojua yeye." Miaka yote nimelisoma nikiitazama mbegu. Safari hii nimekwama kwenye kulala. Mkulima analala, na Yesu hamgombezi.

Mimi nisingelala. Nikiwa darasa la tatu, bibi yangu kule Muheza alinipa mstari wangu wa mihogo. Alikata mashina kwa panga, kila kipande kirefu kuliko shubiri, akahesabu macho, matano au sita, akanionyesha namna ya kuvilaza mshazari udongoni macho yakitazama juu, hatua moja kutoka kipando hadi kipando. "Haya mume wangu, shamba lako hilo. Kazi yako kupalilia tu."

Baada ya miezi mitatu miti ilikuwa imenifika kiunoni, na bibi bado anasema bado. Nikaona ananizungusha. Alipokwenda kisimani nikashika shina kwa mikono miwili, nikavuta. Mizizi ilikuwa myembamba, myeupe, kama kamba za viatu. Mmoja tu ndio kwanza umeanza kunenepa, haujafika hata kidole changu cha mwisho. Nikaurudisha mti shimoni mbio mbio, nikashindilia udongo kwa kisigino, nikamwagia maji. Jioni majani yalikuwa yamelala.

Bibi hakunichapa. Alinikataza tu nisiutoe. Ukakaukia palepale katikati ya mstari wangu, na kila nikienda kupalilia nilikuwa nao.

Muhogo wa haraka kama Kiroba hutaka miezi tisa hivi. Mingine mwaka na zaidi. Kiangazi kikikaza hupukutisha majani ukabaki fimbo. Mgeni atasema umekufa, kumbe chini mizizi iko hai. Tena mvua ikirudi, mti huchota akiba ya mizizi hiyohiyo ili utoe majani mapya, kwa hiyo ukichimba wakati huo unaweza kukuta muhogo una maji mengi na unga kidogo. Mti wenyewe juu umechangamka kweli kweli! Hapo ndipo macho yanapomponza mtu.

Sasa niseme kilichonirudisha kwenye mstari ule. Mdogo wangu ameacha pombe tangu Januari. Tumemwombea miaka mingi, baadhi yenu mmefunga pamoja nasi. Nami badala ya kushukuru nimekuwa mchimbaji. Kila jioni nampigia simu: uko wapi, uko na nani. Namsikiliza kama ulimi unateleza. Akija nyumbani namkumbatia, nanusa. Mwezi uliopita akajitoa mikononi mwangu taratibu akaniuliza, "Kaka, unanikumbatia au unanipima?"

Nilikosa jibu.

Najua kuna mtakaoniambia kwamba hofu yangu si ya bure, na kweli si ya bure. Mihogo ina ugonjwa uitwao michirizi kahawia. Mti unaweza kusimama vizuri, majani ya kupendeza, siku ya kuvuna unakata muhogo unakuta umeoza ndani, mabaka makavu ya kahawia. Maelezo ya kwanza ya ugonjwa huo yaliandikwa mwaka 1936 na mtafiti wa kituo cha Amani, milimani huko huko Muheza. Basi nimekulia jirani kabisa na hofu hiyo. Lakini hakuna muhogo uliowahi kupona michirizi kwa kufukuliwa kila wiki. Mkulima hupambana mapema, anapochagua mbegu kwenye mashina safi na aina inayostahimili. Baada ya hapo jembe lake linafanya kazi juu ya udongo.

Hata yule mtunza shamba wa Luka 13, aliyeutunza mtini usiozaa, alipoomba aongezewe mwaka mmoja hakuomba ruhusa ya kuung'oa auangalie mizizi. Aliomba kupalilia na kutia samadi. Zote mbili ni kazi za kuchafua mikono, wala si kukaa bure. Sijui kama mimi nimewahi kumpelekea mdogo wangu hata debe moja la samadi. Maswali nimempelekea mengi.

Jumamosi nilimpigia tena. Ulimi ulinichoma, nikamuuliza kama amekula. Akasema amekula, dagaa na ugali. Nikamwambia nimepewa mbegu ya Kiroba, aje tupande kabla mvua hazijakatika.

Akacheka sana. Hadithi ya mstari wangu anaijua, bibi alimsimulia kila mtu. "Nitakuja, kaka. Ila nitapanda mimi. Wewe utanishikia panga, ukimaliza ukalale."

Anakuja Alhamisi.