Kumloweka bata mzinga wa Krismasi kwenye maji ya chumvi

Bata mzinga wa kilo 5 aliyechinjwa leo, kama wengi wanaonunuliwa hapa Moshi, asilowekwe leo. Mlaze kwenye friji usiku mmoja kwanza, nyama ilegee.

Chemsha lita 2 za maji na chumvi gramu 360, sukari gramu 100, tangawizi iliyopondwa na pilipili manga. Pima chumvi kwa mizani: kijiko cha chumvi ya mawe na cha chumvi laini havilingani hata kidogo. Ongeza lita 4 za maji baridi, kisha subiri yapoe kabisa. Hapa ndipo wengi huharibu, kwani maji ya uvuguvugu huzalisha bakteria.

Mzamishe kwa saa 12 hadi 16 ndani ya friji. Umeme ukikatika, zungushia ndoo barafu. Akizidi siku nzima, nyama hukaza na kuwa na chumvi kupita kiasi.

Mtoe, mfute kwa kitambaa mpaka ngozi ikauke kabisa, umrudishe kwenye friji bila kumfunika kwa saa 6. Ngozi yenye maji haikauki vizuri kwenye oveni, hubaki laini kama mpira. Mchuzi wake usiutie chumvi kabla ya kuuonja.