Tovuti moja, lugha nne: nilivyoipanga ya nyumba ya wageni Unguja

Karibu kila niliyemuuliza namna ya kuiweka tovuti katika lugha nne aliniambia lile lile: weka kitufe cha kutafsiri, mashine itamaliza kazi. Ushauri huo ni mbovu, na bado nausikia. Kitufe kile hakitengenezi ukurasa mpya hata mmoja. Maneno yanabadilika kwenye skrini ya mgeni tu, anwani inabaki ile ile, na anayetafuta kwa Kiswahili kwenye Google hakufikii kamwe. Tena mashine ikikutana na neno "Book" peke yake kwenye kitufe, inaandika "Kitabu". Mtu anataka chumba, anapewa kitabu.

Tovuti yenyewe ni ya nyumba ya wageni pwani ya mashariki ya Unguja: kurasa 30, kwa Kiswahili, Kiingereza, Kiitaliano na Kiarabu. Waitaliano ni wengi pwani ile, na Kiarabu ni kwa wageni wa Oman na nchi za Ghuba.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kumchagulia mgeni lugha. Seva isome IP yake, yaani namba inayoonyesha anaingia mtandaoni kutoka nchi gani: ya Tanzania apewe Kiswahili, ya Italia Kiitaliano, ya Ghuba Kiarabu, wengine wote Kiingereza, na yote hayo kwenye anwani moja. Kwenye karatasi ilipendeza. Ilipowekwa hewani ikavunjika kila upande. Mwitaliano aliyekwisha kufika Unguja na kununua laini ya simu ya hapa alifunguliwa Kiswahili. Mzanzibari anayeishi Muscat, anayemtafutia mama yake chumba, alifunguliwa Kiarabu. Mtu wa Dar akimtumia rafiki yake wa Milano kiungo, kila mmoja aliona ukurasa tofauti na mwenzake. Kisha kache, yaani hifadhi ya muda ya kurasa, ikaharibu zaidi: ilihifadhi nakala ya yule aliyefungua kwanza na kuwagawia wote, kwa hiyo akitangulia Mwarabu asubuhi, wote walisoma Kiarabu mpaka kache iishe muda. Na kubwa kuliko yote, Googlebot, roboti ya Google inayosoma kurasa, kwa kawaida hupita ikiwa na IP za Marekani, na haitumi Accept-Language, ujumbe wa kivinjari unaotaja lugha inayotakiwa. Iliona Kiingereza tu. Lugha tatu nilizolipia tafsiri zilikuwa gizani.

Niliufuta msimbo wote ule. Kanuni niliyoishika tangu hapo ni kwamba kila ukurasa katika kila lugha una anwani yake, na hakuna anayehamishwa bila kubofya mwenyewe. Ukitaka kupendekeza lugha, weka ukanda mwembamba juu ya ukurasa wenye kiungo, basi.

Nilichagua folda ndani ya domeini moja, si domeini nne. Ni cheti kimoja cha usalama, malipo mamoja ya mwaka, na sifa ya tovuti haigawanyiki. Gharama kubwa iko kwa watafsiri. Kiitaliano na Kiarabu vilikula laki kadhaa kila kimoja, ilhali seva ni pesa ndogo. Anwani zikawa hivi:

/sw/vyumba/
/en/rooms/
/it/camere/
/ar/ghuraf/

Angalia hiyo ya mwisho. Ukiandika anwani kwa herufi za Kiarabu, kivinjari kinazigeuza kuwa alama za asilimia, na kila herufi moja inakuwa alama sita. Neno غرف lina herufi tatu tu. Likibandikwa WhatsApp linatoka %D8%BA%D8%B1%D9%81. Mtu akiona kiungo cha namna hiyo anadhani ni cha matapeli. Ndiyo maana anwani za Kiarabu nimeziandika kwa herufi za Kilatini.

Kwa kuwa majina ya anwani yanatofautiana, lazima kuwe na kitu cha kuziunganisha. Natumia Hugo, programu ya kutengenezea tovuti, na faili za ukurasa mmoja nimeziwekea translationKey (jina la kuziunganisha) ile ile, mfano "vyumba", katika lugha zote nne. Hapo kibadilisha lugha kinamtoa mgeni kwenye /it/camere/ na kumpeleka /sw/vyumba/ moja kwa moja. Kumrudisha mwanzo kila anapobadilisha lugha ni kumfukuza. Na bendera usiziweke: Kiswahili utakipa ya Tanzania, ya Kenya au ya Kongo? Andika Kiswahili, English, Italiano, العربية.

Kwenye kichwa cha msimbo wa kila ukurasa kunakaa mistari mitano ya hreflang, inayoiambia Google tafsiri za ukurasa huo ziko wapi:

<link rel="alternate" hreflang="sw" href="https://example.com/sw/vyumba/">

na mingine mitatu ya en, it na ar, halafu x-default, ya wasio na lugha yoyote kati ya hizo, inayoelekeza kwenye ukurasa wa kuchagua lugha. Ukurasa lazima ujitaje wenyewe pia, na kila unaotajwa lazima uutaje ule ulioutaja. Upande mmoja ukinyamaza, Google inapuuza jozi hiyo. Canonical, mstari unaoiambia Google ukurasa upi ndio wa asili, uelekee kwenye ukurasa wenyewe. Niliwahi kushauriwa zote zielekee Kiingereza. Ukifanya hivyo unaiambia Google kwamba Kiswahili ni nakala tu, isihangaike nacho.

Herufi mbili za mwanzo za hreflang ni za lugha, si za nchi, na hapa watu wa kwetu wanateleza sana. "tz" si lugha. "ug" ni Kiuyghuri, haina uhusiano na Uganda. "om" ni Kioromo, si Oman. Ukitaka kutenganisha nchi, lugha inatangulia: sw-TZ, sw-KE.

Kiarabu kinahitaji dir="rtl" (kusoma kutoka kulia kwenda kushoto) kwenye html, na kwenye CSS, msimbo wa mwonekano, acha margin-left, tumia margin-inline-start ili nafasi zigeuke zenyewe. Namba ya simu yenye nafasi katikati itapinduka: mafungu ya tarakimu yanapangwa kinyume na 255+ inahamia kulia kabisa. Ifunge ndani ya <bdi dir="ltr">.

Kazi tamu ilikuwa Kiswahili chenyewe. Tovuti nyingi zina tungo za vipande: namba, jina, halafu neno "left". Mtafsiri anapewa "left" peke yake, anaandika "imebaki", na tovuti inasema "chumba 1 imebaki". Ngeli haikubali vipande. Nilivunja tungo zote na kuandika sentensi nzima kwa kila kitu, umoja na wingi: Chumba 1 kimebaki, Vyumba 3 vimebaki, Nafasi 1 imebaki, Nafasi 4 zimebaki. Kiarabu kina maumbo sita ya hesabu. Vyumba viwili ni neno moja, hata namba haiandikwi.

Na saa. Tafsiri ya kwanza ililetwa na "kuingia ni saa 2:00 mchana", ikikusudia saa 8. Mgeni wa Kiswahili afanye nini na saa hiyo? Sasa muda wote umehifadhiwa kwa mtindo wa saa 24, na msimbo mdogo unaugeuza kwenye kurasa za /sw/: ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki, baki ikiwa sifuri andika 12. 14:00 inatoka saa 8, 7:00 inatoka saa 1, 18:00 inatoka saa 12. Sehemu ya siku nimeipanga hivi, kwa mtindo wa saa 24: kuanzia 4:00 alfajiri, 6:00 asubuhi, 12:00 mchana, 16:00 jioni, 19:00 usiku. Gari la kumpokea mgeni uwanja wa ndege 3:00 ya Ijumaa (mtindo wa saa 24) lilihitaji uangalifu zaidi, maana "Ijumaa saa 9 usiku" mtu anaweza kuielewa kuwa siku ya pili yake. Muda wowote kati ya 0:00 na 3:59 unaandikwa kwa namna hii: "saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa".

Ukurasa ambao haujatafsiriwa usiujaze Kiingereza chini ya /sw/. Uache usiwepo, na uondoe mstari wake wa hreflang kwenye kurasa zingine.

Google iliondoa ripoti yake ya hreflang mwaka 2022, kwa hiyo kagua mwenyewe kwa amri hii, inayousoma ukurasa na kuorodhesha hreflang zake:

curl -s https://example.com/sw/vyumba/ | grep -o 'hreflang="[^"]*"'

Zitoke tano, kwa kuwa kurasa zangu zote zimetafsiriwa kwa lugha zote nne. Kurasa 30 kwa lugha nne ni 120, mara tano ni mistari 600; nimeweka amri hiyo kwenye skripti inayopita kurasa zote kila ninapopandisha mabadiliko, na ikikuta hesabu pungufu inakataa kupandisha.