Siku moja Nizwa: maji kwanza, ngome baadaye

Saa 11:15 alfajiri

Watu wengi hapa Omani hupumzika Ijumaa, lakini kwangu ndiyo siku ya kazi nyingi kuliko zote. Mimi ni dereva na muongoza watalii mjini Nizwa. Kiswahili nimekipata kwa mama yangu, mzaliwa wa Unguja, na ndiyo maana wageni wa pwani ya Afrika Mashariki hunitafuta.

Kabla ya adhana nimeshapima upepo wa matairi, kasha la barafu limejaa maji ya kunywa, na kahawa imo kwenye chupa, chungu, yenye iliki. Wageni wa leo ni mwalimu mstaafu wa historia kutoka Mombasa na mkewe. Wamekuja kumtembelea mtoto wao Muscat, kilomita 160 hivi kutoka hapa, na jana usiku wamelala Harat al-Aqr, mtaa wa kale ulio pembeni mwa ngome, kwenye nyumba ya udongo iliyokarabatiwa ikawa ya wageni.

Saa 12:30 asubuhi

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Baridi hii, mbona hukutuambia?"

Januari huku bara asubuhi huuma. Tukaenda kwa miguu hadi kwenye mnada wa mbuzi, ambao ni wa Ijumaa. Wauzaji huzunguka duara wakivuta mbuzi kwa kamba na kutaja bei kwa sauti. Wanunuzi wamejipanga pande zote mbili, wengine wamechuchumaa. Anayevutiwa humdaka muuzaji mkono. Mzee mmoja alimshika mbuzi taya, akamfungua mdomo kwa vidole viwili akayaangalia meno, akampapasa mgongo, kisha akampapasa tena kama hakuuamini mkono wake wa kwanza. Hakununua. Mwanamke wa Kibedui aliyevaa barakoa alikuwa na mbuzi wake watatu, na bei yake haikuteremka hata kidogo.

Nawasihi wageni wangu wasimwekee mtu kamera usoni bila kumwomba. Watu wamekuja kutafuta riziki, hawakuja kuigiza.

Saa 2:00 asubuhi

Kahawa na halua sokoni. Mama alionja, akafumba macho, akataja vilivyomo: wanga, samli, zafarani, iliki, maji ya waridi. "Hii na ya kwetu ni ndugu," akasema. Maji ya waridi yanayosifiwa hapa hutoka milimani, Jabal al-Akhdar, mlima unaouona ukiinua macho tu.

Saa 3:00 asubuhi

Hapa ndipo huwa nabishana na wageni. Wote wanataka ngome kwanza. Mimi nawapeleka Falaj Daris kwanza, mfereji wa kale wa maji ulio nje kidogo ya mji, kwa sababu bila maji haya pasingekuwa na ngome, wala soko, wala mji wenyewe. Nizwa ilikuwa makao ya maimamu na wanavyuoni wa Omani tangu karne za mwanzo za Uislamu, na mvua hapa ni chache mno. Walikunywa nini?

Falaj kama hii huanza chini ya mlima. Huchimbwa kisima mpaka maji ya chini ya ardhi, kisha hutobolewa njia ya ndani kwa ndani yenye mteremko mdogo sana, na maji hutembea yenyewe hadi yanapoibukia bondeni. Hakuna pampu. Kila kipande huwa na shimo la juu la kutolea udongo na kuingizia hewa. UNESCO iliandikisha falaj tano za Omani kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na Daris ni mojawapo. Lakini falaj zinazotumika nchini ni kama 3,000.

Mwalimu alivua viatu akatia miguu. Samaki wadogo wakamjia kumdonoa vidole.

"Na nani ana haki ya maji haya?"

Swali hilo nalipenda. Yanapotokeza, kwanza ni ya kunywa, na ya kunywa ni ya kila mtu, hata mpita njia. Kisha msikiti na sehemu za kuogea, halafu ndiyo mashamba. Shambani watu humiliki muda. Kipimo kiitwacho athar ni kama nusu saa ya maji. Mchana kilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Baadhi ya zamu ni mali ya falaj yenyewe: hukodishwa, na fedha zake zikatengeneza mfereji. Ukame ukizidi, mazao ya msimu hukatiwa maji kwanza ili mitende isife. Sijaona sheria ya ardhi iliyofikiriwa vizuri kuliko hii.

Saa 4:00 asubuhi

Sasa ngome. Aliijenga Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaruba, yuleyule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Mnara wake wa duara una kimo cha mita 30 hivi, na sehemu yake ya chini imeshindiliwa mawe na udongo ili mzinga usiutikise. Ngazi ya kupanda juu ni nyembamba, inapinda, na kuna mlango baada ya mlango. Juu ya mlango kuna tundu. Mwalimu alisimama chini yake akatazama juu.

"Walimwaga nini?"

"Asali ya tende, ikiwa inachemka."

Ghala la tende lipo humo humo. Na visima vimo ndani pia, kwa hiyo adui angeweza kushika falaj nje na watu wa ndani wasife kiu.

Kileleni nilimwambia habari niliyokuwa nimemwekea tangu asubuhi. Saif bin Sultan, mtoto wa mjenzi wa ngome hii, ndiye imamu ambaye majeshi yake yaliizingira Fort Jesus mwaka 1696 wakaitwaa Desemba 1698. Na hapa Omani imamu huyohuyo anakumbukwa kwa kufufua falaj na kupanda mitende. Mwalimu alikaa kwenye ukingo wa mzinga. Miaka yote amefundisha 1698 akiitazama kutoka upande wa Mombasa.

Saa 6:00 mchana

Swala ya Ijumaa, kisha wali wa nyama ya mbuzi, tumekaa chini kwenye mkeka.

Saa 8:30 mchana

Bahla ni kama kilomita 40. Ngome yake iliingia Urithi wa Dunia mwaka 1987, mwaka uliofuata ikatiwa kwenye orodha ya hatari, ikatolewa 2004. Ukuta unaozunguka mji na mashamba yake una kilomita 12. Hatukukaa sana; roho yangu iko Jabreen, dakika chache mbele. Kasri hili la Imamu Bil'arab lina dari za mbao zilizochorwa maua, na mfereji wa falaj unapita ndani ya jengo. Bil'arab alizingirwa humu na mdogo wake, Saif huyo wa Mombasa, akafia humu, na kaburi lake liko chini. Mama aliomba tusimame tumsomee Fatiha. Tukasoma.

Saa 11:00 jioni

Birkat al-Mouz. Falaj al-Khatmeen hugawanyika hapa mikondo mitatu sawasawa, na wanakijiji hawagombani. Mama alifurahi kuikuta migomba.

Saa 3:00 usiku

Gari nimeliosha. Kesho ni Jabal al-Akhdar, na kizuizi cha polisi pale chini hakipitishi gari isiyovuta magurudumu yote manne, hivyo nimekagua breki mara ya pili. Waridi hatutayakuta, maua ni ya Aprili. Nimemwandikia Mama achukue sweta na shali, maana Saiq, huko mlimani, iko mita 2,000 juu. Tunaondoka saa 1:00 kamili.