Nilivaa abaya ya mawe fasti klasi, msinifuate

Kakangu anakaa Marekani, pointi zake za ndege amezikusanya miaka na miaka, basi mwaka jana akaamua kunikatia fasti klasi niende harusi ya bintiye, kile kipande kirefu kutoka Ghuba, masaa 16 hewani. Hapo ndo nikachanganyikiwa. Nikajiambia kule ni watu wakubwa watupu, siendi na dera mimi. Nikashonesha abaya nyeusi, mawe yale ya kumeremeta mabegani, mawe mikononi, mgongoni pia mawe, na viatu vya mchuchumio juu yake.

Mama akanitizama tu. "Mwanangu, wenda harusini au wenda kulala?"

Nkamwambia mama wewe hujui mambo haya.

Aibu ya kwanza haikungoja hata ndege. Mnaoijua Lamu mnajua uwanja uko Manda, lazima uvuke na boti, na ilikuwa Julai kusi imeshika, wimbi moja tu likanirowesha magoti kwenda chini kabla hatujafika jeti ya Manda. Nilipanda ile ndege ndogo ya Nairobi chumvi imenikaukia kwenye pindo, nyeupe pe.

Sasa kiti chenyewe. Mashallah, kinalala chote kinakuwa kitanda, unatandikiwa na shuka, una na kimlango chako cha kufunga. Nikajilaza kama bibi harusi. Dakika 10 hazijapita kila jiwe la mgongoni nshalijua kwa jina. Nageukia ubavu, ya mikononi yananasa kwenye blanketi, navuta, naskia tap, limeng'oka moja. Nikalitafuta gizani kwa vidole mpaka nkachoka.

Na tumbo nalo. Ndani ya ndege hewa inawekwa iwe kama uko mlimani, futi 6,000 mpaka 8,000 hivi, yaani juu kupita Nairobi, na sisi tumezaliwa hapa usawa wa bahari, kwa hivyo upepo ulio tumboni unatanuka, na mimi ndani nimevaa sketi ya kubana na chakula chao hakiishi kuletwa. Wallahi nilifungua zipu chini ya blanketi. Ukijaribu kufunga chupa tupu ya maji mkiwa juu, mkitua utaikuta imebonyea, ni mambo hayohayo lakini kinyume.

Yule binti muhudumu ndo aliyeniokoa, akaniletea pajama na sapatu. Kumbe safari ndefu za usiku kampuni nyingi zinawapa abiria wa daraja la kwanza pajama, na abaya yako inatundikwa kabatini, yaani ile nguo niliyoitolea pesa zangu ilikuwa ya kuonekana mlangoni tu! Lakini pajama ni suruali na fulana, na chooni unapita mbele za wanaume, ntapitaje? Nikakumbuka mama amenifungia kopo la halua kwenye leso. Nikaifungua doti nzima, moja kiunoni, moja kichwani, nikapita zangu. Imeandikwa HASIDI HANA SABABU, na sehemu ya maneno ilikuwa nyuma.

Jirani yangu mzee wa Kizungu alikuwa na trakisuti imepauka magotini. Hakuna aliyemuuliza. Ukishalipa hakuna sheria ya suti, wanaobanwa na mavazi mara nyingi ni wale wanaosafiri kwa tiketi za wafanyakazi wa kampuni za ndege.

Kwa hivyo mimi saivi ni dera la pamba, pana, si yale ya nailoni yanayonata, na sweta maana baridi ipo, na leso doti moja kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Wanaume vaeni suruali laini na mchukue kikoi, kanzu ukilala nayo inapanda mpaka kifuani, na kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, irudi kwenye boksi lake isije ikapondeka. Udi ujifukize kidogo tu jamani, kule hakuna dirisha la kufungua. Na mafuta ya nazi kikopo kidogo, hewa ya ndani ni kavu mno, sisi tuliozoea mvuke wa bahari midomo inapasuka kabla ya chai ya asubuhi.

Miguu je? Inavimba, kukaa sana damu inashuka chini. Soksi za kubana zinasaidia, ila kama una sukari au una shida ya mishipa muulize daktari kwanza. Makubadhi ndo kiatu, yanavalika hata mguu ukiwa kama mkate wa mofa. Na usiende chooni na soksi tupu, ule umaji wa pale chini si maji siku zote.

Michuchumio yangu ilikataa kabisa kuingia tulipotua, nikatoka na sapatu zao, abaya begani, leso kichwani, kakangu akapita mbele yangu mara mbili akinitafuta.

Mama mpaka leo anayahesabu yale mawe. Mawili hayapo, nadhani yako bado kwenye kile kiti.