Mtandao wa ndege uliokufa kila tulipokaribia nyumbani

Mimi ni fundi wa avioniki, yaani vifaa vya kielektroniki vya ndege, na ndege moja ya kukodi yenye makao Nairobi nusura inivunjie jina. Intaneti yake ya setilaiti ilikuwa safi hadi Johannesburg, lakini ikirudi karibu na nyumbani ilianza kukatikakatika.

Nilishauriwa kubadilisha modemu, ikabadilishwa. Nikaambiwa kosa ni kompyuta inayoielekeza antena, tukaazima nyingine kwa gharama ambayo mwenye ndege hataki itajwe mbele yake hadi leo. Kisha mtaalamu mmoja wa ughaibuni akashikilia kwamba bamba linaloishikilia antena mgongoni mwa ndege limepinda, nasi tukafungua kifuniko, tukapima bamba lote na kukagua kila nati, tukafunga vilevile, kwa kuwa hapakuwa na kilichopinda.

Rubani ndiye aliyenizindua aliponiambia, nusu mzaha: "Fundi, nikikata kona mtandao uko sawa, nikinyoosha ndege unakufa." Kwa kawaida malalamiko huwa kinyume chake, kwani ndege ikilala sana antena huweza kuzibwa na mkia. Hapo nikakumbuka madishi ya DStv ya Nairobi, yanayotazama juu kama masufuria ya kukinga mvua, maana setilaiti yake iko nyuzi 36 mashariki na jiji liko karibu nyuzi 37, kusini kidogo tu ya ikweta. Setilaiti yetu ilikuwa jirani ya hiyo, yaani karibu utosini tukiwa nyumbani.

Nikachukua kumbukumbu za safari, nikapanga mlalo wa ndege sambamba na pembe za antena, sekunde kwa sekunde, na kisa chote kikajitokeza. Antena yetu ina mota mbili, moja ya kuzunguka na nyingine ya kuinua. Setilaiti ikiwa utosini, ndege ikitikiswa kidogo tu kutoka kushoto kwenda kulia, sahani hulazimika kuzunguka karibu nusu duara papo hapo, na hakuna mota inayowahi. Kwenye kona ya kutulia setilaiti hubaki upande uleule wa ndege, kwa hiyo mota hupumzika. Tena mfumo wetu umepangwa kwa kanuni za zamani za Marekani: kosa la shabaha, yaani antena kutoielekea setilaiti sawasawa, likizidi nyuzi 0.5, lazima urushaji uzimwe ndani ya milisekunde 100, na usirudi hadi kosa lishuke hadi 0.2.

Sikugusa spana. Nilimwomba mtoa huduma atuhamishe hadi setilaiti nyingine iliyo mbali zaidi kwenye mstari wa ikweta, inayoonekana Nairobi kwa mwinuko wa nyuzi 50 hivi, na ukatikaji ukaisha. Anayejaribu haya ajue kwamba yana bei yake: sahani yetu ni pana lakini fupi, na karibu na ikweta setilaiti jirani hujipanga wima mbele yake, upande ambao mwale wake ni mpana, hivyo nguvu ya kurusha hupunguzwa ili isiwasumbue wengine. Abiria wanaotuma video kubwa hulalamika bado, nami huwaelekeza kwa mtoa huduma.