Siku moja chini ya majani

Saa 12 asubuhi. Umande haujakauka, nami nimeshapiga magoti kwenye tuta la pilipili. Mche mmoja umelala chini, shina limekatwa usawa wa ardhi kama kwa kisu. Huyo ni sota, kiwavi anayekata miche. Hajaenda mbali: nafukua kwa kidole kuzunguka shina, namkuta kajikunja kama herufi C, mnene, rangi ya udongo. Namkanyaga. Miche iliyobaki naivisha vikuta vya karatasi ngumu, vimezama kidogo ardhini.

Saa 2. Kugeuza majani, kazi nisiyoiruka hata nikiwa mgonjwa. Jani la juu linang'aa na kunata. Chini yake vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wamebanana. Kwa kioo cha kukuzia namwona jike akizaa kitoto kizima kizima, bila yai wala dume. Kitoto hicho chenyewe kitakuwa kinazaa baada ya wiki moja hivi. Ukisema utawashughulikia Jumamosi, Jumamosi utakuta ukoo.

Lakini kwenye jani moja wamo waliovimba, wakavu, rangi ya kahawia, na mmoja ana kitundu cha mviringo mgongoni. Hao nyigu wadogo wamewatagia mayai ndani, na anayetoka kwenye kitundu ni nyigu mpya. Jani hilo siligusi.

Saa 4. Sisimizi. Wanapanda na kushuka shina la waridi kwa mstari kama wenye shughuli ya harusi. Wanafuata umajimaji mtamu wanaotoa vidukari, na kwa malipo hayo wanawafukuza wadudu wanaowala. Nimewahi kunyunyizia waridi hili mara tatu bila kuwatazama sisimizi. Sabuni yote ilipotea bure. Leo nakata tawi lililogusa ukuta, ndilo lilikuwa daraja lao, kisha nafunga kitambaa shinani na kukipaka grisi.

Saa 6 mchana. Sinyunyizi kitu. Niliwahi kupiga sabuni jua likiwa utosini: vidukari walikufa, na nyanya nazo zikataka kuwafuata.

Saa 9. Bilinganya zina vidoadoa vya manjano na utando mwembamba. Nagonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi linaanza kutembea. Miguu minane, kwa hiyo ni utitiri, si mdudu hasa. Dawa kali ya wadudu mara nyingi huua maadui zake na kumwachia uwanja. Nachuma majani yaliyoharibika sana, mengine nayapiga maji kwa nguvu upande wa chini.

Saa 11 jioni. Nyuki wameondoka. Vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji kwa lita 1. Jana niliijaribu kwenye jani moja, halikuungua. Sabuni humuua yule tu iliyemlowesha, ikishakauka haina kazi, ndiyo maana mdomo wa bomba unatazama juu, chini ya majani. Kwenye kabichi zenye viwavi natumia mwarobaini. Kiwavi haanguki papo hapo. Anakosa hamu ya kula, na kujivua ngozi kunamshinda.

Saa 2 usiku. Tochi. Kwenye pilipili sota mwingine anazunguka kikuta cha karatasi, anatafuta mlango. Safari hii niko peku. Namwinua kwa kijiti, namtumbukiza kwenye sabuni iliyobaki ndooni.